Kamba Iliyolowa Myanga

Mjukuu wangu alinionyesha kwenye simu habari ya nchi za mbali ambako bangi huuzwa dukani kwa leseni, mchana kweupe, na mnunuzi anapewa risiti. Kilichomchekesha yeye ni bangi. Mimi nilinaswa na sentensi moja ya mwishomwisho: kwamba duka moja la bangi haliruhusiwi kukaribia lingine kupita umbali uliowekwa, na kwamba kuna afisa anayetumwa kupima. Nikamuuliza mjukuu, anapima na nini? Akasema hawajaandika. Nilimfikiria huyo afisa, popote alipo, amesimama kati ya mlango wa huku na mlango wa kule, watu wawili wakimtazama usoni, nikamwonea huruma. Kazi hiyo niliifanya miaka mingi, ila zetu zilikuwa baa.

Vijana wa ofisi, siku ya kuniaga mlinipa blanketi na daftari lenye jalada gumu, mkaniomba niandike mambo ya kazi. Blanketi nililifungua jioni ileile. Daftari limekaa mezani miezi kadhaa. Nilijua mnataka visa vya kuchekesha, na ninavyo, lakini kuna kimoja ambacho hakichekeshi, na nilijua nikishika kalamu nitafika kwacho tu. Basi tuanze na vile vya kuchekesha.

Nilianzia Kitale, mwanzoni mwa miaka ya tisini, nimeandikwa kazi kama karani wa ukaguzi. Nilidhani nitapewa meza. Nilipewa Mzee Gichuhi. Alikuwa mwembamba, mtu wa maneno machache, wazazi wake walitoka Nyeri wakaja kulima Trans-Nzoia, na alivaa gambuti mvua inyeshe isinyeshe. Alivitazama viatu vyangu vya ngozi ambavyo mama alininunulia kwa ajili ya siku hiyo, akasema, "Hivyo ni vya Jumapili. Kesho uvae vya Jumatatu." Kisha akanishikisha ncha moja ya kamba.

Niwaeleze kamba hiyo, kwa sababu ninyi mmekuta vifaa vya kubonyeza. Ilikuwa ya katani, urefu wake mita ishirini. Kila mita ilikuwa na fundo, na kila baada ya mita tano palifungwa kitambaa chekundu kilichokatwa kwenye sweta kuukuu ya shule. Ofisi ilikuwa na tepu ya chuma, lakini ilikuwa ya watu wa barabara, na walikuwa wakiulizwa iko wapi wanaulizana wao kwa wao. Mzee akaamua kuwa na kamba yake. Alisema faida ya kamba ni kwamba hakuna mtu anayeiba kitu ambacho kwao kinafunga ng'ombe.

Nyuma ya stoo palikuwa na ukuta mrefu. Mzee alikuwa amegongomea misumari miwili kwenye ukuta huo, mmoja kila upande, na kati yao zilikuwa mita ishirini kamili, alizozipima siku moja tepu ya chuma ilipopatikana. Kila Jumatatu asubuhi, kabla ya chai, tuliitundika kamba kutoka msumari hadi msumari. Ikifika, tunaenda kazini. Isipofika, au ikizidi, hatuendi mpaka ijulikane kwa nini. Wenzetu wa afya na wa masoko walikuwa wakipita wanacheka, wanatuuliza kama tunaanika nguo.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mtu akitaka leseni ya kuuza pombe, kamati ya leseni ilitaka kujua mambo ya kawaida: choo kiko, maji yako, ukuta umepakwa rangi. Na ilitaka kujua umbali. Sheria kubwa haikutaja mita. Ni kamati yetu iliyojiwekea kanuni kwamba kutoka mlango wa baa hadi mlango wa baa nyingine pasipungue mita mia mbili. Walikuwa wamechoka na mitaa ambayo vita vikianza baa moja vinamalizikia ya tatu, na wake wa watu waliokuja ofisini kusema kwamba mume akikatazwa hapa anavuka barabara tu. Mita mia mbili, walifikiri, ni mbali kiasi cha mtu kubadilisha nia akiwa njiani. Sijui kama kuna mtu aliwahi kubadilisha nia.

Somo la kwanza la Mzee lilikuwa juu ya kupita wapi. Mimi nilitoka shule na jometri yangu, nikataka kukata moja kwa moja, juu ya shamba la kabichi la mtu. Mzee akanizuia. "Kijana, mlevi si ndege. Hapitangi juu. Pima pale anakanyaga." Kwa hiyo tulipima mlango kwa mlango, kwa njia wanayopita watu.

Watu nao hawakuwa wajinga. Kule Saboti kulikuwa na bwana mmoja ambaye baa yake ilipungukiwa na mita kama kumi na mbili. Tuliporudi baada ya wiki mbili tukakuta mlango wa mbele umejengwa kwa matofali, simenti haijakauka, na mlango mpya umetobolewa nyuma, upande wa zizi. Ukizunguka nyumba nzima mita zinatimia na kubaki. Bwana akatupokea kwa furaha, ati tupime sasa. Mzee Gichuhi hakufungua kamba. Aliomba kiti, akaagiza soda, akakaa akitazama ukuta ule wa matofali. Tulikaa karibu saa nzima. Mwishowe akaja mteja, akauangalia ukuta, akaenda kando kidogo, akainua mguu na kuingia dirishani. Mzee akamaliza soda yake, akaniambia, "Pima kutoka hapo kwa dirisha." Mwenye baa aliapa kwamba yule mtu hamjui, na huku yule mtu anamwita kwa jina kutoka ndani.

Somo la pili lilikuwa ni nani ashike kamba. Kila kipimo kinahitaji watu wawili, na ofisi haikutupa wa tatu. Mzee alisema ncha ya mwanzo ashike yule ambaye hataki baa mpya ifunguliwe, yaani mwenye baa ya zamani, wala si mwombaji kamwe. "Mwenye kulalamika ndiye hataachilia kamba ilegee," alisema. Akiwa hayupo, unarudi siku nyingine. Nimeona Mzee akirudi Kitale kutoka karibu na Suam bila kupima kwa sababu mwenye baa ya zamani alikuwa ameenda kliniki. Safari yote ile, na fomu tupu.

La tatu lilikuwa kuhusu mvua. Katani ikilowa hujivuta, inakuwa fupi, na kamba fupi huhitaji kulazwa mara nyingi zaidi njiani. Kwa hiyo mahali pa karibu panaonekana mbali. Mzee alisema kamba ni kama wateja wetu, ikishakunywa haiaminiki, uiache ilale kwanza. Mvua ikinyesha tulikunja na kwenda nyumbani. Nilicheka nilipoyasikia hayo, nikayashika, nikayafuata miaka minne mfululizo bila kukosa hata siku moja. Nayaandika haya msije mkasema sikufundishwa.

Nilipohamishiwa Bungoma, Mzee Gichuhi alinipa kamba yake. Hakutoa hotuba. Alisema tu nitafute ukuta. Nikatafuta ukuta, nikagongomea misumari yangu, nikaendelea, maana kamati ya huko nayo ilifuata mita mia mbili zilezile. Huko watu walianza kuniita Bwana Kamba, na si uongo, jina lilinikaa vizuri kichwani. Wazee wa kamati walizoea kusema "kamba imesema" kila niliposoma kipimo, na hapo mjadala ulikwisha. Mwenzangu mmoja wa tarafa nyingine alikuwa akipima kwa hatua za miguu. Siku moja nikamuuliza mbele ya kikao kizima kama miguu yake imekaguliwa. Watu walicheka mpaka wakashika meza. Yule bwana hakucheka. Ningekuwa na akili ningejifunza kitu kwenye uso wake, lakini nilikuwa nimeridhika sana na nafsi yangu.

Sasa Myanga.

Pale sokoni Myanga kulikuwa na klabu ya pombe ya busaa ya mjane mmoja aliyeitwa Mama Nekesa. Ninyi mnaosikia busaa mkafikiri fujo, hamkuiona ya Mama Nekesa. Ilikuwa banda la mabati lenye mabenchi, sakafu imepigwa samadi ikawa laini, na nyuma kuna bati kubwa la kukaangia unga na mapipa ya kuchachishia. Wazee walikaa wakizunguka chungu, kila mmoja na mrija wake mrefu, na waliokuwa na haraka walipimiwa kwenye kasuku, lile kopo la mafuta ya kupikia. Hakuuza kabla ya saa sita mchana. Akimwona mtu ametosha anamwambia, "Baba, enda nyumbani, mama wa watoto anakungoja," na mtu anaenda. Leseni yake ilikuwa ukutani, imewekwa kwenye fremu pamoja na picha ya Nekesa, binti yake wa pekee, aliyekuwa mwaka wa kwanza chuo cha ualimu. Kilichomweka Nekesa chuoni ni busaa ile. Mama alikuwa akiniambia hivyo kila nilipofika kukagua choo, tena kwa majivuno: "Huyu mwalimu ni wa mahindi na wimbi, Bwana Kamba. Mimi namchachisha pole pole."

Bwana Simiyu alikuwa na duka la simenti na mabati. Akajenga baa ya mawe upande ule ule wa soko, yenye veranda, friji na televisheni, akaomba leseni. Hakuna ubaya hapo. Mimi nikatumwa kupima.

Siku hiyo gari la ofisi halikuwako, Simiyu akaja kunichukua kwa pikapu yake. Kosa la kwanza hilo, ingawa wote tulikuwa tukilifanya. Kamba niliitupa nyuma kwenye pikapu. Tulipofika Mateka au karibu na hapo mvua ikashuka, ile ya masika isiyouliza mtu, na tukafika Myanga maji yakitembea barabarani. Simiyu akaniingiza ndani, tukala ugali na kuku wa kienyeji, akaniambia habari zangu zimefika mpaka Kimilili, ati kuna mtu wa kamba ambaye hata mbunge hawezi kumsogeza sentimita. Nilikula hadi shingo ya kuku. Mvua ikakatika. Nikauliza Mama Nekesa yuko wapi aje ashike kamba.

"Ameenda matanga kwao," Simiyu akasema. "Atarudi kesho. Si mimi nitashika, bana? Kamba ni kamba."

Nilijua jibu la kumpa. Nilikuwa nalo mdomoni. Lakini kesho ilikuwa safari nyingine, na kuku alikuwa tumboni, na mtu niliyeambiwa hasogezwi sentimita alikuwa amekaa anasikiliza sifa zake. Nikaenda nyuma ya pikapu, nikaitoa kamba. Ilikuwa nzito, inachuruzika maji. Simiyu akashika ncha kwenye mlango wake, mimi nikatembea kuelekea klabu ya busaa. Kamba moja, mbili, tatu. Kamba ya kumi iliishia kwenye kizingiti cha Mama Nekesa, juu kabisa ya kizingiti. Mita mia mbili. Nikaandika kwenye fomu, Simiyu akanirudisha mjini, na jioni ile nikaiweka fomu kwenye treya ya mkubwa wangu.

Jumatatu asubuhi nikaenda kwenye misumari. Kamba ilikuwa bado na unyevu, nilikuwa nimeiacha imekunjwa sakafuni. Nikaining'iniza msumari wa kwanza, nikaivuta kuelekea wa pili. Haikufika. Ilipungukiwa na zaidi kidogo ya mkono wangu kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Nikapima pengo lile kwa rula ya ofisi, nikapata sentimita sitini. Sitini kwa kamba moja, na nilikuwa nimelaza kamba kumi. Hesabu ya mtoto wa darasa la tatu: baa ya Simiyu ilikuwa mita mia moja tisini na nne kutoka kwa Mama Nekesa. Ilipungua sita.

Kamati ilikuwa ikikaa Ijumaa. Fomu yangu ilikuwa bado kwenye treya. Kutoka mezani kwangu hadi kwenye treya ile zilikuwa hatua nane. Jumatatu nzima sikuziendea. Jumanne nilijiambia mita sita ni nini. Jumatano kamba ilikauka, ikafika kwenye msumari vizuri kabisa, na mimi nikajifanya kwamba jambo limekwisha kwa sababu kamba imepona. Alhamisi fomu ilichukuliwa.

Vijana, sikula hongo. Nimesema mara nyingi kichwani mwangu, sikula hongo, kana kwamba ndiyo utetezi. Ningekula, angalau ningekuwa na sababu. Mimi nilinyamaza kwa kuwa sikutaka kusimama mbele ya watu niliowachekesha nikasema nimepima na kamba iliyolowa, mwombaji akiwa ameshika ncha. Nilimwona yule bwana wa hatua za miguu akiniuliza kama kamba yangu imekaguliwa. Hilo tu. Nimemuuza mjane kwa kuogopa kuchekwa.

Ijumaa Mama Nekesa alikuja kikaoni, amevaa nguo yake ya kanisa na kilemba. Alipopewa nafasi alisema, "Mimi sina chuki na Bwana Simiyu, biashara ni ya kila mtu. Lakini mimi naona ni karibu. Mimi natembeanga hapo kila siku, naona ni karibu sana."

Mwenyekiti akanigeukia. "Bwana Kamba, ulipima?"

"Nilipima."

"Ngapi?"

"Mia mbili."

"Basi, mama," mwenyekiti akamwambia kwa upole, "kamba imesema."

Mama Nekesa akaniangalia, akaitikia kwa kichwa. Akasema, "Kama ni yeye amepima, sawa," akakaa. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele. Kwa hilo la kukubali sikuwa nimejiandaa.

Baa ilifunguliwa. Waliokwenda kwanza ni vijana, kwa ajili ya televisheni, kisha watu wa mishahara, kisha hata wazee wa mirija, maana mzee naye anapenda kuonekana ameshika chupa. Wengi wangebaki kwa Mama Nekesa kama baa ile ingenyimwa leseni pale. Nilikuwa nikipita pale nakagua vyoo, naona mabenchi yanabaki matupu mawili, matatu, manne. Mama alikuwa akiniuliza, "Mahindi imekuwa mbaya ama ni mimi?" Nilimwambia mambo yatabadilika.

Nusu mwaka ukapita. Akaja ofisini, akaniomba nirudie kupima, si kwa ugomvi, ila moyo wake utulie. Sikuweza kukataa, na nadhani pia nilitaka kuona kwa macho yangu. Nikaenda kiangazi, jua la kupasua mawe, kamba imekauka imetoka kwenye misumari asubuhi ileile. Sikumwita aje ashike ncha. Nilikuwa nimebeba kigingi, nikakipigilia kwenye mlango wa Simiyu, nikafunga kamba, nikaanza kulaza mwenyewe, kila mara nikirudi kung'oa na kupigilia upya. Kamba tisa, na ya kumi ikapita kizingiti ikabaki. Nikahesabu mafundo. Kumi na nne. Mia moja tisini na nne, kama rula ilivyoniambia.

Mama Nekesa akatoka nyuma, mikono ina unga mpaka kwenye viwiko, amebeba maji ya kunywa kwenye kikombe. Mimi nilikuwa tayari nimeanza kukunja kamba.

"Sasa?" akauliza.

Nilikunja kamba kwa bidii, fundo juu ya fundo. "Ni ileile, Mama."

"Mia mbili?"

"Ni ileile."

"Asante kwa kurudia. Wengine hawangerudia." Akanipa kikombe. Nikanywa maji yake.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa mita mia moja tisini na nne, na sikuchoka kuitembea.

Mwaka uliofuata akatafuta mahali pengine, kwenye njia panda kuelekea mtoni, akaomba kuhamisha leseni. Karibu na hapo kulikuwa na baa nyingine. Siku hiyo nilifanya kila kitu kama Mzee Gichuhi: kamba kavu, mwenye baa ya zamani ameshika ncha, njia ya miguu, fundo kwa fundo. Ilitoka mia moja tisini na saba. Nikaandika mia moja tisini na saba. Kamati ikakataa. Mwenyekiti akasema kanuni ni kanuni, na mimi nilikuwa nimekaa pale na karatasi yangu. Mtu niliyempunja mita sita, nilimnyima kwa ajili ya mita tatu. Mara kwa mara nimejaribu kujieleza kwamba kipimo cha pili kilikuwa cha haki. Kilikuwa cha haki. Ndicho kinachoniuma kuliko kile cha kwanza.

Klabu ikafungwa. Nekesa akaacha chuo akiwa mwaka wa pili, akarudi nyumbani, wakawa wanauza mahindi ya kuchemsha na mama yake kando ya barabara. Hakurudi tena chuoni. Nilikuwa nikinunua mahindi hayo nikipita, mawili mawili, na kukataa chenji, nikijiona mwema.

Niliwahi kumtembelea Mzee Gichuhi kwake, amestaafu, anafuga ng'ombe wawili. Nilienda kwa nia ya kumwambia. Tukanywa chai, akauliza, "Kamba iko?" Nikasema iko. "Na misumari?" Iko. Akafurahi, akaniambia wengi hawakujali misumari. Nikarudi Bungoma. Alifariki baada ya miaka michache, nami nilibeba jeneza lake upande wa kushoto.

Baadaye sheria mpya zikaja, na vifaa vya kubonyeza, na ninyi. Kamba niliitundika kwenye misumari siku yangu ya mwisho. Ilifika. Mlipiga picha.

Mwezi uliopita nilienda Myanga, sikubeba kitu. Mama Nekesa sasa ni mzee, magoti yanamsumbua. Nilimkuta kwake ameketi kwenye kigoda mlangoni, anapepeta maharagwe. Alinijua mara moja.

"Bwana Kamba! Wameachilia wewe?"

"Wameniachilia, Mama."

Akanipa kiti. Tukasalimiana ya watu wazima, mvua, mahindi, nani amekufa. Nikamuuliza Nekesa. Akasema ameolewa kule Suam, anauza nguo mpakani, ana watoto watatu. Kisha akacheka kidogo. "Huyo alikuchukia, wewe! Alisema ulikula pesa ya Simiyu. Mimi nikamkatalia. Nikamwambia, yule mtu nilimuona na hii macho yangu akirudia kupima, kwa jua, peke yake, anapigilia kijiti. Ati mama umedanganywa. Tukakosana kabisa. Miaka tatu hakukanyaga hapa kwangu, kwa sababu yako."

Nilikuwa nimepanga maneno njiani, yakanitoka yote kichwani. Nikamwambia tu. Nikasema siku ya kwanza kamba ilikuwa imelowa, na Simiyu ndiye alishika ncha. Nikasema nilijua Jumatatu. Nikasema siku ile ya jua ilitoka pungufu, na nikamwambia ni ileile. Nikasema Nekesa alikosea kuhusu pesa, lakini hakukosea kuhusu mimi. Nikamwomba msamaha.

Aliendelea kupepeta kidogo, mikono haijapata habari. Kisha akaacha.

"Ilipungua na ngapi?"

"Mita sita."

"Sita ni ngapi?"

"Hatua sita ndefu."

Akaweka ungo chini. Akainuka kwa kushika mlango, magoti yakilalamika, na nilipotaka kumsaidia akanisukuma mkono. Akapanga visigino vyake kwenye kizingiti, akaanza kutembea uani, hatua moja moja, akihesabu kwa Kibukusu. Kwenye ya sita alikuwa hajafika hata kwenye kamba ya kuanikia nguo. Akasimama, akageuka kunitazama.

"Ni hapa tu?"

Safari hii sikuwa na kitu cha kukunja.

"Ni hapo, Mama," nikasema.